Je, Wajua? Mpingo, Futi ya Cherehani na Hesabu za Msituni

Je, wajua kwamba mpingo ni ndugu wa maharage? Si utani. Mpingo, mninga na mkongo (ule ambao watu wa pwani huuita mbambakofi) wako katika ukoo mmoja na kunde, choroko na karanga. Uokote tunda la mpingo uliangalie: ni ganda bapa, jepesi, lenye mbegu moja au mbili, na upepo ndio unaolisambaza. Chini ya ardhi, mizizi yake hushirikiana na bakteria kunasa nitrojeni, kama kunde zinavyofanya shambani. Ndiyo maana mpingo huota hata kwenye udongo ambao mkulima angeupita bila kugeuka. Ila maharage huiva kwa miezi mitatu.

Mpingo je? Miaka 70 hadi 100 ndipo ufae kuvunwa. Kipimo kinachotumika Tanzania ni kipenyo cha sentimita 24, kinachochukuliwa kwa usawa wa kifua cha mtu mzima. Gawanya mwenyewe: ni kama milimita 3 kwa mwaka. Kucha za mkono wako hurefuka kiasi hicho kwa mwezi.

Je, wajua kwamba huhitaji mashine yoyote kujua kama mpingo umefika kipimo? Futi ya fundi cherehani inatosha. Zungusha shina mita moja na sentimita 30 kutoka ardhini. Ikisoma chini ya sentimita 75, funga futi yako uendelee na safari. Vijana wa kamati za maliasili za vijiji huko Kilwa hufanya kazi hiyo hiyo, kwa mstari na kwa daftari.

Wajua mpingo hupatikana wapi? Kuanzia Senegali hadi Eritrea, kisha kushuka hadi Afrika Kusini. Ni mti wa bara zima. Lakini mbao zake zinazoingia kwenye biashara ya dunia hutoka hasa nchi mbili, Tanzania na Msumbiji. Kwingine umebaki mdogo, umepinda, au ulishakatwa zamani.

Na biashara yenyewe si ya jana. Mbao nyeusi zilizokutwa katika makaburi ya Misri ya kale, ambazo kwa muda mrefu watu walizidhani ni za mti mwingine kabisa, zimepimwa na nyingi zikaonekana ni mpingo. Zilifika huko kutoka kusini, miaka zaidi ya 3,000 iliyopita, kwa ajili ya viti na vitanda vya wafalme. Mafarao nao walikuwa na mafundi samani wasumbufu.

Je, wajua kwamba klarineti inayopulizwa Paris na zumari la Kiskoti linalolia Edinburgh, kwa kawaida, ni mpingo mtupu? Ukiondoa kipulizio na vifungo vya chuma, mwili wa klarineti ni vipande vinne vya mti huu. Hadi karne ya 19 ala hizo zilichongwa kwa miti mingine ya Ulaya. Mpingo ukazishinda kwa sababu haunywi unyevu wa pumzi kirahisi, haubonyei, na ukitobolewa tundu jembamba, tundu hilo hubaki na umbo lake.

Sasa shika hili, maana ndipo hesabu inapoanza kuuma. Kwenye gogo la mpingo lililofika kiwandani, sehemu inayogeuka kuwa vipande vya ala za muziki ni chini ya moja ya kumi. Sehemu nyeupe ya nje haitakiwi. Penye kifundo hapatakiwi, wala penye ufa, wala penye nyuzi zilizojikunja. Shina la mpingo lenyewe hupenda kuwa na mabonde na matuta, na mara nyingi hugawanyika karibu na ardhi kama lililoshindwa kuamua liende wapi. Kilichobaki baada ya msumeno kupita ni makapi ya thamani. Vipande vilivyofaulu huchovywa nta kwenye ncha ili visipasuke, kisha huachwa vikauke taratibu sana. Kwa hiyo unapouona mpingo umesimama porini, usihesabu mti mzima. Hesabu kile kiini cheusi kilichonyooka ndani yake, kama kipo.

Kuna kampuni ya Ufaransa, Buffet Crampon, iliyoamua kutotupa makapi hayo. Tangu miaka ya 1990 inatengeneza klarineti zinazoitwa Greenline: unga wa mpingo asilimia 95, uliochanganywa na nyuzi za kaboni na gundi, ukakandamizwa kuwa mti mpya usiopasuka. Wapulizaji wengine wanazipenda, wengine wanazinung'unikia. Mimi niko upande wa unga.

Je, wajua "uvunaji endelevu" ukiuvua maneno ya semina unabaki kuwa nini? Kutoa na kugawanya. Tuseme kijiji kimetembea msitu wake wote na kukuta mipingo 3,000 iliyofika sentimita 24. Mgeni mwenye lori anaona magogo 3,000. Kamati inaanza kutoa. Kwanza ile iliyo kandokando ya mto: sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au zenye kuharibu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo. Kisha ile minene, mizuri, iliyonyooka, inayoachwa makusudi iwe miti ya mbegu. Hapo ndipo wafanyabiashara hushika vichwa, maana ndiyo waliyoitaka. Kisha ile yenye tundu katikati, ambayo haina soko ila nyuki na ndege wanaipenda. Tuseme imebaki 2,400. Sasa unauliza: tukikata eneo hili leo, tutarudi lini? Kama jibu ni baada ya miaka 24, basi mwaka huu ni miti 100. Mwaka ujao 100. Wala hakuna "safari hii tu".

Na hesabu hiyo inasimama kwa sharti moja: kwamba iko mipingo midogo ya sentimita 15, 18 na 20 inayokuja nyuma. Bila hiyo, miti 100 kwa mwaka ni kufilisika kwa utaratibu mzuri. Ndiyo maana sensa ya msitu huhesabu hata miti ambayo hakuna mtu atakayeikata maishani mwake.

Wajua kisiki nacho kina namba? Katika msitu unaovunwa kwa mpango, mti huwekwa alama kabla ya kukatwa. Ukishaanguka, gogo na kisiki chake huandikwa namba moja, na nyundo ya afisa misitu hupigwa. Mkaguzi akikutana na gogo barabarani, anaweza kuuliza kisiki chake kiko wapi, akapelekwa hadi mahali penyewe. Gogo lisilo na kisiki ni yatima, na yatima wa aina hii kwa kawaida ameibwa.

Je, wajua kijiji cha Tanzania kinaweza kumiliki msitu na kuuza mbao zake? Wengi hawajui, hata wanaoishi ndani ya misitu hiyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zilifungua mlango: kijiji kikishapima mpaka, kikaandika mpango wa usimamizi na sheria ndogo, na kutangaza Msitu wa Hifadhi wa Ardhi ya Kijiji, mrabaha wa mti unaokatwa humo ni wa kijiji. Wote. Kabla ya hapo, mti ulikuwa wa serikali, mwenye leseni alikuja nayo kutoka mjini, na mwanakijiji alipata ujira wa kubeba gogo.

Waliouchukua mlango huo kwa mikono miwili ni wa wilaya ya Kilwa, mkoani Lindi. Hadithi ilianza na kundi la wanafunzi wa Cambridge waliokuja mwaka 1996 kuhesabu mipingo. Kuhesabu kukazaa utafiti, utafiti ukazaa shirika la Kitanzania, MCDI, lenye makao yake Kilwa Masoko. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha FSC, lile baraza la kimataifa la usimamizi wa misitu lenye makao Bonn. Kilikuwa cheti cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanajamii wenyewe. Vijiji vingine vikafuata, Nanjirinji kikiwa miongoni mwa vilivyojulikana zaidi kwa ukubwa wa msitu wake na kwa fedha zilizoingia.

Cheti hicho kinafanya kazi hivi: shirika ndilo linalokishika, na vijiji vinaingia chini yake kama kikundi, kwa sababu gharama ya wakaguzi ingekimeza kijiji kimoja kikijaribu peke yake. Kila mwaka mkaguzi wa nje huja. Anauliza mambo ambayo mtu wa mjini hangeyatarajia: mkata miti amevaa kofia ngumu? Mabishano ya mpaka na kijiji jirani yameishaje? Wanawake wako wangapi kwenye kamati? Fedha za mauzo ya mwisho zimesomwa mkutanoni? Kisha mnyororo unaendelea: kiwanda cha kupasua, mfanyabiashara wa mbao, mtengeneza klarineti, kila mmoja lazima awe na cheti chake. Mmoja akikosa, nembo inakatikia hapo, hata kama mti ulikatwa kwa adabu zote.

Nina shaka zangu na vyeti, niseme ukweli. Mnunuzi wa Ulaya anaweza kusifia nembo na asiongeze hata senti kwenye bei. Lakini kilichobadilika Kilwa ni kitu cha chini zaidi kuliko nembo: watu walijua wana miti mingapi. Huwezi kumdanganya kirahisi mtu aliyehesabu.

Je, wajua daraja linaweza kukata miti? Kwa miaka mingi, Mto Rufiji ulikuwa mlinzi wa misitu ya kusini bila mshahara. Kivuko kikiharibika, au mvua zikinyesha, Lindi na Mtwara zilikuwa mbali na Dar es Salaam kama nchi nyingine. Mwezi Agosti 2003 likafunguliwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970 hivi. Hakuna mtu wa kusini atakayekuambia lisingejengwa; wagonjwa, korosho na wanafunzi walilihitaji. Ila malori ya magogo nayo yalikuwa kwenye foleni. Uvunaji ukapaa kwa kasi kiasi kwamba mwaka 2004 serikali ilipiga marufuku kusafirisha magogo ya miti ya asili nje ya nchi.

Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC lilitoa ripoti kuhusu wimbi hilo la kusini, na ni moja ya ripoti ambazo ziliwakosesha watu usingizi. Waandishi walilinganisha daftari mbili: mbao ambazo Tanzania iliandika kuwa zimetoka kwenda China, na mbao ambazo forodha ya China iliandika kuwa zimeingia kutoka Tanzania. Ya pili ilikuwa mara 10 ya ya kwanza. Ripoti ilikadiria kwamba taifa lilikuwa likipoteza hadi dola milioni 58 kwa mwaka katika mapato ya mbao yasiyokusanywa. Hakuna jini aliyezibeba. Zilipita kwenye barabara ile ile, mbele ya vizuizi vile vile, nyingi zikiwa na karatasi.

Wajua kwamba uharibifu wa msitu una mwendo, na mwendo huo umepimwa? Antje Ahrends, mmoja wa walioandika ripoti hiyo, pamoja na wenzake, walipima misitu kutoka Dar es Salaam kwenda nje, wakalinganisha mwaka 1991 na 2005. Walikuta mawimbi matatu yanayofuatana. La mbele ni la mbao za thamani: mpingo, mninga, mkongo, mvule. Nyuma yake linakuja la mbao za bei ya chini. Mwisho kabisa, karibu na jiji, mkaa, unaochukua kila kilichobaki. Kwa miaka 14 mawimbi hayo yalisogea hadi kilomita 120, yaani kilomita 9 hivi kwa mwaka. Kwa hiyo ukitaka kujua msitu fulani utakuwaje, usiutazame wenyewe. Tazama ulio kilomita mia moja karibu zaidi na Kariakoo.

Swali la haraka: moto wa msituni mwezi wa Juni na moto wa mwezi wa Oktoba, upi mbaya? Wa Oktoba, na kwa mbali sana. Mwanzo wa kiangazi nyasi bado zina unyevu. Moto unatambaa, unazimika wenyewe usiku, unaacha mabaka mabaka. Mwisho wa kiangazi nyasi ni baruti. Moto wa namna hiyo hauui mpingo mkubwa mara moja, lakini unaunguza gome chini, kidonda kinaingiza uozo, na miaka 40 baadaye mkataji anaangusha mti mzuri kwa macho na kukuta ndani ni bomba. Kwa hiyo vijiji vinavyojali mbao huchoma mapema, kwa ratiba, kwa makusudi. Mgeni akipita mwezi wa Juni akaona wanakijiji wanawasha msitu wao, anaweza kwenda kuwashtaki. Awaulize kwanza.

Je, wajua mche wa mninga hufa kila mwaka na bado ukaishi? Mbegu ikiota, kijiti kinachotoka juu hukauka kiangazi kikifika. Mvua zikirudi, kinatoka kingine. Nacho kinakauka. Mchezo huo unaweza kwenda miaka 10 au zaidi, huku chini ya ardhi mzizi ukinenepa na kuweka akiba. Siku akiba ikitosha, mninga unatoka kwa kasi na kupanda juu kabla moto wa mwaka unaofuata haujaufikia kichwa. Hii ndiyo sababu mtu asiyejua anaweza kutembea kwenye msitu wa miombo akasema "hapa mininga midogo imekwisha", kumbe amesimama juu yake. Na ndiyo sababu pia kuupanda mninga kwenye bustani ya miche kumewatesa wataalamu wengi: wao wanataka shina, mti unataka mzizi.

Ukiukata, mninga hutoa utomvu mwekundu kama damu. Mafundi wanaupenda kwa jambo jingine: ukishakauka, mbao yake haivimbi wala kusinyaa sana. Kitanda cha mninga cha bibi yako hakilii usiku kwa sababu hiyo.

Mvule nao una mambo yake. Kuna mvule dume na mvule jike, kila mmoja mti wake. Ukiacha mivule mitano ya mbegu na yote ikawa madume, umeacha kivuli tu. Na mbegu za majike hazianguki zikaota pale chini zikafaulu. Anayezipeleka mbali ni popo mla matunda, anayekula tunda na kudondosha mbegu akiruka usiku. Mtu anayefukuza popo mjini kwa kelele na mawe anaharibu bustani ya miche isiyolipiwa na mtu.

Kwa nini basi tusipande mashamba ya mivule, tukaacha popo na mambo yake? Tumejaribu, Afrika nzima. Kuna kidudu kidogo kinachofyonza utomvu, kinachosababisha vivimbe kwenye vichipukizi vya mche. Vivimbe hupasuka, ncha inaoza, mche unadumaa. Ukiipanda mivule mingi pamoja, umemwandalia kidudu karamu. Ikitawanyika kati ya miti mingine, inaponea. Yaani mvule unadai msitu.

Na wakati mwingine una jiwe tumboni, jiwe la kweli. Mti huu hukusanya kalsiamu, na kwa msaada wa kuvu na bakteria sehemu yake hugeuka kuwa chokaa, kwenye udongo unaouzunguka na hata ndani ya shina. Wapasuaji mbao wanalijua vizuri; ndilo linalong'oa meno ya msumeno katikati ya kazi.

Je, wajua kuvuna kidogo mno kunaweza kuwa tatizo? Nilisita kuandika hili, maana kuna watakaolikata na kulibandika kwenye maombi ya leseni. Lakini ni kweli. Katika misitu ya Tshopo, kandokando ya Kisangani na Yangambi nchini Kongo, kuna mti unaojulikana sokoni kama afromosia. Umo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu mwaka 1992, na sheria ya Kongo inataka kipenyo cha sentimita 60 kabla ya kuukata. Shida ni kwamba miche yake haivumilii kivuli. Kukatwa kwa mti mmoja kunafungua tundu dogo la mwanga, ambalo miti mingine inaliziba upesi. Watafiti wanaamini afromosia nyingi kubwa tunazoziona leo ziliota kwenye mashamba yaliyolimwa na kuachwa na watu wa vizazi vilivyopita. Kwa mti wa namna hii, kuacha peke yake hakutoshi. Inabidi mtu afungue mwanga, apande, apalilie. Msitu mmoja, sheria mbili tofauti kwa miti miwili iliyosimama bega kwa bega.

Tushuke pwani. Wajua kwamba upana wa chumba cha nyumba ya mawe ya Lamu uliamuliwa na mkoko? Boriti ndiyo iliyobeba dari, na boriti haikuzidi mita 3 hivi, kwa hiyo chumba kikawa kirefu na chembamba. Na kwa kuwa majahazi yalipakia boriti hizo hizo kwa korija na kuondoka na kusi kwenda Oman, Bahrain na Kuwait, huko nako nyumba za kale zina vyumba vya upana ule ule. Lamu wanazipanga nguzo za mikoko kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na kuendelea juu hadi banaa. Kila jina lina kazi yake na bei yake. Huo ni mfumo wa kuvuna kwa kuchagua uliokuwepo kabla mtu hajatunga neno "endelevu", ingawa soko la Ghuba lilipokuwa na njaa hata mfumo huo haukutosha. Mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje.

Anayekata mikoko anapaswa kujua jambo moja kabla hajainua shoka. Mchu ukikatwa huchipua tena. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi ya matao, hauchipui. Ukikatwa chini ya majani umekufa, na lililobaki ni kungoja mche mpya ujichomeke kwenye tope. Shoka moja, miti miwili, majibu mawili.

Je, wajua kuna wakati mpiga klarineti alihitaji karatasi kama za mwenye pembe? Kuanzia tarehe 2 Januari 2017, jamii nzima ya mpingo na ndugu zake wa karibu duniani iliingizwa kwenye orodha ya pili ya CITES. Lengo lilikuwa kuziba mianya ya biashara ya samani nyekundu za Asia, lakini wavu ukawanasa watengeneza magitaa na klarineti. Makelele yao yalisikika hadi Geneva, na mwaka 2019 ala zilizokamilika zikaondolewa kwenye masharti. Gogo na mbao bado zinahitaji kibali. Mwaka 2022, huko Panama, zamu ikawa ya mninga, mkongo na mkangazi: zote za Afrika sasa zimo kwenye orodha hiyo hiyo. Kwa hiyo kontena la mninga linalotoka bandarini bila kibali cha CITES lina kosa hata kama kila karatasi nyingine ipo. Fundi wa Buguruni anayekutengenezea kabati hahusiki na hilo. Sheria hiyo ni ya mipakani.

Mtu mmoja wa kutajwa: Sebastian Chuwa wa Kilimanjaro, mtaalamu wa mimea. Mwaka 1996, pamoja na James Harris, mchongaji wa Texas aliyekuwa akitumia mpingo na kuanza kujiuliza unatoka wapi, walianzisha mradi wa kuupanda tena. Wataalamu wengine walikuwa wakisema mpingo hauna faida kupandwa kwa sababu anayepanda hatavuna. Chuwa alienda shuleni, kwa watoto, wenye muda. Lengo lilikuwa miti milioni moja. Mwaka 2002 alipata tuzo ya Rolex kwa kazi hiyo, na akafariki mwaka 2014. Mipingo ya miaka ile ya mwanzo sasa inakaribia miaka 30. Bado haijafika sentimita 24.

Wajua kinyago ulichouziwa kama mpingo kinaweza kuwa mti mweupe uliopakwa kiwi ya viatu? Wamakonde walioleta mitindo mipya ya uchongaji Dar es Salaam miaka ya 1950, akiwemo Samaki Likankoa anayetajwa kama mwanzilishi wa vinyago vya shetani, walichonga mpingo wa kweli. Baadaye watalii wakazidi miti, na kiwi ikaanza kazi. Kuna kipimo cha bure. Mita moja ya ujazo ya mpingo ina uzito wa kilo 1,200 na zaidi; ya maji ni kilo 1,000. Tumbukiza kinyago kwenye ndoo. Ukiona chaelea, kimepakwa.

Wachongaji wa Kikamba wa Kenya waliachana na mashindano hayo. Mpingo wao ulipokuwa adimu, wengi walihamia kwenye miti ya shambani: mwembe, mjakaranda, mgrevelia, na zaidi ya yote mwarobaini. Mbao yake haina weusi wala sifa ya Paris. Ila hukua haraka, ukikatwa huchipua, wadudu hawaupendi, na kutoka Malindi hadi Mombasa ni vigumu kupata uwanja usio nao. Anayeuuza ni mwenye uwanja mwenyewe, kwa bei waliyokubaliana barazani.